Jinsi ya Kuchagua Detekta ya Metali Kulingana na Unachotafuta na Pesa Uliyo Nayo

Karibu kila anayetaka kununua detekta huanza na swali hili: "Ipi inafika chini zaidi?" Swali hilo ndilo lililonipoteza mimi. Mashine yangu ya kwanza niliichagua kwa sababu boksi lake liliahidi kina kikubwa. Nikaipeleka kwenye udongo mwekundu uliojaa madini ya chuma. Nikiisogeza kulia inalia, kushoto inalia, nikiiinua inanyamaza, nikiishusha inaanza upya. Siku hiyo nilichimba mashimo matupu hadi mikono ikatoka malengelenge. Mashine haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya viwanja vya nyasi, na ardhi ile haikuiweza.

Tangu hapo, mtu akiniomba ushauri namuuliza kwanza habari za ardhi yake. Pesa tunazizungumza baadaye, na jina la kampuni mwisho kabisa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mtiririko huo, na kila moja itakupunguzia orodha ya mashine za kufikiria.

Hatua ya 1: Andika unatafuta nini, na utakitafuta wapi

Chukua karatasi uandike vitu viwili: kitu na mahali. Usiandike "hazina". Andika, kwa mfano, "sarafu na pete kwenye viwanja vya michezo," au "punje ndogo za dhahabu kwenye bonde la mto uliokauka," au "pete zilizopotea ufukweni, pale mawimbi yanapofika." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kusoma sifa za mashine hamsini.

Anayetafuta sarafu na vito mahali panapopitwa na watu wengi anapambana na takataka: vizibo vya chupa, foili, vishikio vya makopo, misumari. Anahitaji mashine inayomwonyesha namba ya kukadiria aina ya kitu, na inayoweza kutenganisha vitu viwili vilivyolala karibu karibu. Kina si shida yake kubwa, kwani vitu vingi vilivyodondoka miaka ya karibuni viko ndani ya sentimita 15 za juu.

Anayetafuta mabaki ya kale kwenye mashamba au mahali palipowahi kuwa na makazi atakuta misumari mingi kuliko kitu kingine chochote. Kwake cha maana ni wepesi wa mashine kupata nafuu: ikishaulilia msumari, inachukua muda gani kabla ya kuweza kuisikia sarafu iliyo pembeni? Mashine nzito ya kufikiri huruka juu ya sarafu ikiwa bado inaushughulikia msumari.

Wa ufukweni ana dunia mbili. Mchanga mkavu ni rahisi, karibu mashine yoyote inaumudu. Mchanga uliolowa maji ya chumvi ni jambo jingine, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme, na mashine ya kawaida inayaona kana kwamba ni kipande kikubwa cha metali kilichotandazwa chini yote.

Mtafutaji wa dhahabu asilia ana kazi ngumu kuliko wote. Dhahabu hukaa mahali penye mawe na udongo wenye chuma kingi, na punje zenyewe mara nyingi ni ndogo kama punje ya mchele au chini ya hapo. Mashine nzuri ya sarafu itapita juu ya punje kama hiyo bila hata kukohoa.

Kuna pia wanaotafuta kitu kikubwa kilichofukiwa chini sana, kama sanduku au bomba la zamani. Hao wanahitaji mashine ya visanduku viwili, ambayo kisanduku kimoja kiko mbele na kingine nyuma ya mpini mrefu. Haioni sarafu moja moja, na kwa kazi hiyo ndiyo faida yake: takataka ndogo haziisumbui.

Kabla ya kuiacha karatasi yako, lijue jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: hakuna detekta inayoitambua dhahabu kwa jina lake. Mashine hupima jinsi kitu kinavyopitisha umeme pamoja na ukubwa na umbo lake, basi. Pete nyembamba ya dhahabu, kishikio cha kopo na kipande cha foili vinaweza kutoa namba zile zile. Anayeziba namba za makopo ili apumzike na takataka anaziba pete pia. Ukitaka pete za dhahabu, utachimba alumini. Likubali hilo mapema, maana litakuokoa na mashine zinazouzwa kwa ahadi ya "dhahabu tu".

Hatua ya 2: Ipime ardhi yako

Hapa huhitaji mtaalamu. Tafuta sumaku yenye nguvu kiasi, kama ile ya spika iliyokufa, uifunge ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki. Nenda mahali utakapofanyia kazi, chimba kishimo cha kina cha kiganja, acha udongo ukauke, kisha uuburuze mfuko huo ndani yake. Inua uutazame. Ukiona chembe chache tu zimeshika, ardhi yako ni laini na mashine nyingi zitaiweza. Ukiona ndevu nyeusi zimejaa pande zote za mfuko, huo ni mchanga wa chuma, na mashine ya bei ya chini itateseka hapo. Vuta sumaku kutoka ndani ya mfuko na ndevu zitadondoka zenyewe.

Rudia sehemu tatu au nne, kwani ardhi hubadilika ndani ya hatua ishirini. Jaribu na mawe pia. Kuna mawe yenye chuma kingi ambayo mashine huyalilia kama metali, na wachimbaji wanaoanza hubeba mifuko ya mawe hayo wakidhani yana kitu ndani.

Halafu tazama juu. Nyaya za umeme mkubwa, minara ya simu na nyumba zenye vifaa vingi vya umeme hufanya mashine ipige kelele bila sababu. Kama eneo lako lina hayo, iandike kwenye karatasi: unahitaji mashine inayoweza kuhama masafa, yaani kubadilisha idadi ya mawimbi inayotuma kwa sekunde.

Hatua ya 3: Chagua aina ya teknolojia

Ukiielewa hatua hii, hakuna muuzaji atakayekuyumbisha.

Detekta zote zina msingi mmoja. Koili, ile sahani ya duara iliyo chini ya mpini, inatoa uga wa sumaku unaobadilika. Uga ukikutana na metali unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake dhaifu ambao mashine inausikia. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitumia kifaa cha namna hii kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakuipata, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Kosa hilo linaendelea hadi leo: watu wanajaribu mashine wakiwa wamevaa buti zenye chuma kidoleni.

Aina ya kwanza ni VLF, yaani mashine za masafa ya chini sana. Hutuma mawimbi mfululizo na kupima jinsi mrudio unavyochelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakogeuzwa kuwa namba kwenye kioo, na ndiko kunakoiwezesha mashine kutofautisha chuma na metali nyingine. Ni nyepesi, hazimalizi betri haraka, na ndizo za bei nafuu. Udhaifu wake ni udongo wenye chuma kingi na mchanga wa chumvi.

Ya pili ni VLF ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Badala ya kusikiliza kwa sikio moja, inasikiliza kwa masikio kadhaa na kulinganisha majibu, kwa hiyo inaweza kuiondoa chumvi kwenye hesabu na bado ikaiona pete. Teknolojia hii imekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kwa muda mrefu ilikuwa kwenye mashine za bei ya juu tu. Mashine za kampuni ya Minelab, Equinox ya mwaka 2018 na Vanquish ya mwaka 2019, zilisaidia kuileta kwenye bei ya kati, na kampuni ya Nokta nayo ina Legend. Uangalifu unahitajika hapa: mashine "yenye masafa mengi" inaweza kumaanisha ile unayoichagulia masafa moja baada ya jingine. Hiyo si sawa na inayoyatumia yote pamoja. Soma maelezo vizuri, tafuta neno linaloonyesha kwamba yanafanya kazi kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni ya mapigo, inayoandikwa PI. Hii inapiga pigo la nguvu, inakata, kisha inasikiliza ule ukimya. Mwitikio wa udongo na wa chumvi unazimika haraka sana, ule wa metali unakawia kidogo, na mashine inaukamata huo unaokawia. Ndiyo maana PI inapenya kwenye ardhi ambazo VLF inakufa. Bei yake ni kwamba haina uwezo mzuri wa kukutambulishia kitu. Msumari, risasi na dhahabu vyote vinalia, nawe unachimba vyote. Kwenye ardhi ya dhahabu isiyo na takataka hilo linavumilika. Kwenye kiwanja chenye misumari, PI itakuvunja mgongo.

Rudi kwenye karatasi yako. Viwanja na mashamba yenye udongo laini: VLF ya kawaida inatosha. Ufukwe wenye chumvi, au mtu anayechanganya ufukwe na nchi kavu: masafa mengi kwa wakati mmoja. Dhahabu kwenye ardhi yenye ndevu nyeusi kwenye sumaku: PI, au VLF ya masafa ya juu kama punje ni ndogo na ziko karibu na uso.

Hatua ya 4: Soma masafa yaliyoandikwa kwenye boksi

Masafa hupimwa kwa kilohezi, ile kHz inayoandikwa kwenye boksi. Kanuni yake ni nyepesi. Masafa ya chini, kama 5 hadi 8, yanapatana na vitu vikubwa na vinavyopitisha umeme vizuri, kama sarafu za fedha na shaba. Kati ya 12 na 20 ni eneo la kazi zote. Kuanzia 40 kwenda juu ni kwa ajili ya dhahabu ndogo.

Mifano ya mashine zilizowahi kutolewa: Garrett ACE 300 ni 8, Nokta Simplex+ ni 12, Garrett AT Gold ni 18, Minelab Gold Monster 1000 ni 45, na Fisher Gold Bug 2 ni 71. Ukizipanga hivyo unaona wazi kwamba hazishindani. Kila moja ilitengenezwa kwa kazi yake. Anayenunua Gold Bug 2 kwa ajili ya sarafu amekosea sawasawa na anayepeleka ACE 300 kutafuta punje za dhahabu.

Hatua ya 5: Usidanganywe na kina

Kwa kitu kidogo kama sarafu, uga unaoshuka unadhoofika kwa umbali uliopandishwa kipeo cha tatu. Unaorudi nao unadhoofika vivyo hivyo. Ukivijumlisha ni kipeo cha sita. Maana yake, sarafu ikiwa chini mara mbili zaidi, sauti yake inashuka hadi takriban sehemu moja kati ya 64. Ukigeuza hesabu hiyo, mashine iliyo sikivu mara mbili ya nyingine inakuongezea kama asilimia 12 tu ya kina. Sarafu iliyokuwa inaonekana kwa sentimita 20 sasa inaonekana kwa 22 na kidogo. Ndiyo sababu mashine nyingi nzuri, za bei zinazopishana sana, zote huishia kuiona sarafu moja kati ya sentimita 20 na 30.

Kwa hiyo boksi likisema "mita 6," uliza: mita 6 za kuona nini? Mara nyingi ni kitu kikubwa kama pipa, tena hewani.

Wala kitu cha thamani si lazima kiwe chini sana. Pande la dhahabu linaloitwa Hand of Faith, lenye uzito wa zaidi ya kilo 27, lilipatikana kwa detekta mwaka 1980 huko Victoria, Australia. Lilikuwa kama sentimita 30 tu chini ya uso wa ardhi.

Kina unakipata zaidi kupitia koili na mwendo wa mkono wako. Koili kubwa, ya inchi 13 hadi 15, inashuka zaidi na kufagia eneo kubwa, ila inameza vitu kadhaa kwa mara moja na kuvichanganya, na inachosha bega. Koili ndogo ya inchi 5 au 6 inaingia katikati ya misumari na vichaka kama sindano. Ile ya inchi 9 hadi 11 inayokuja na mashine ndiyo ya kuanzia. Umbo la ndani nalo lina maana: koili ya DD inafagia ukanda mwembamba kutoka mbele hadi nyuma, na inavumilia udongo wenye madini. Ile ya duara ndani ya duara huelekeza usikivu katikati na kusaidia kupata mahali hasa kitu kilipo, lakini udongo mbaya unaiyumbisha. Kama sumaku yako ilitoka na ndevu, chukua DD.

Hatua ya 6: Kagua mambo matano kabla ya kuipenda mashine

La kwanza ni kusawazisha ardhi, yaani uwezo wa kuiambia mashine "huu ni udongo, usiulilie." Mashine za bei ya chini kabisa zimefungwa kiwandani na huwezi kuzibadilisha. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kulipia zaidi. Ningechukua mashine rahisi yenye usawazishaji wa mkono kuliko yenye kioo cha rangi isiyo nao.

Uzito unafuata, kwa sababu utaupeperusha huo mkono maelfu ya mara kwa siku. XP Deus iko chini ya kilo 1. Minelab GPZ 7000 ya kutafutia dhahabu inapita kilo 3 na huvaliwa na mikanda ya mabegani. Ishike dukani kwa dakika tano mkono ukiwa umenyooka. Ukianza kuhamisha mkono, umeshapata jibu.

Maji: karibu koili zote zinaingia majini, lakini kichwa chenye kioo na vitufe ni habari nyingine. "Isiyopenyeka na mvua" haimaanishi kuzama. Equinox 600 na 800 zimekadiriwa mita 3, Minelab Excalibur II ya wazamiaji mita 60. Kama utaingia majini hata mara moja, hakikisha kina kimeandikwa kwa mita.

Sauti ninaipa uzito kuliko kioo. Baada ya wiki chache utaacha kutazama namba. Sarafu inalia kwa mlio wa mviringo, safi, ule ule ukitokea kulia au kushoto. Msumari uliolala unalia kwa kukatika, kama mtu anayemeza neno, na ukizunguka upande wa pili unabadilika au unapotea. Mashine yenye mlio mmoja tu haikupi nafasi ya kujifunza lugha hiyo. Tafuta yenye milio mitatu au zaidi.

Betri za kuchaji za ndani ni nzuri karibu na umeme. Kwa anayekaa porini siku kadhaa, mashine inayopokea betri za kawaida, au inayochajiwa kwa pawabenki, ndiyo salama.

Hatua ya 7: Gawa pesa kabla ya kuchagua mashine

Gawa bajeti yako mafungu kumi. Saba ni ya mashine, matatu ni ya vifaa. Watu hutumia yote kumi kwenye mashine, kisha wanachimba kwa kisu cha jikoni na kukwaruza sarafu nzuri.

Kifaa cha kwanza katika yale mafungu matatu ni pinpointa, kijiti cha mkononi unachokichomeka ndani ya shimo kikakuonyesha kitu kiko upande gani. Bila pinpointa unatumia dakika kumi kupekua udongo, ukiwa nayo ni dakika moja, na shimo linakuwa dogo. Kisha hedifoni, maana milio dhaifu ya vitu vilivyo chini haisikiki penye upepo. Kisha mwiko au beleshi fupi la chuma kigumu, na kwa ufukweni chekecheo la mpini mrefu lenye matundu. Mtafuta dhahabu aongeze sururu yenye sumaku kichwani, inayovuta vipande vya chuma kabla havijampotezea muda, na bakuli la plastiki la kutenganishia udongo.

Fungu la mashine likiwa dogo, nunua VLF rahisi ya kampuni inayojulikana, yenye DD na usawazishaji wa ardhi ikiwezekana, ukaitumie kwenye udongo laini. Likiwa la kati, nenda moja kwa moja kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja, yenye kichwa cha kuzama majini. Kundi hili ndilo lenye thamani nzuri kuliko yote leo, na wengi hawatahitaji kupanda zaidi ya hapo. Ngazi ya juu, hasa PI za dhahabu, inagharimu mara kadhaa ya ile ya kati. Usipande huko kwa kukopa, na usipande kabla hujawahi kuona kwa macho yako dhahabu ikitoka kwenye eneo unalokusudia.

Kama pesa ni kidogo, wekeza kwenye mahali. Mwaka 2009 Terry Herbert, akiwa na ruhusa ya mwenye shamba huko Staffordshire, Uingereza, alipata hazina ya dhahabu na fedha ya Waanglo-Saksoni yenye vipande zaidi ya 3,500. Mashine yake ilikuwa ya zamani, ya mtumba. Hazina ilithaminiwa pauni milioni 3.285, wakagawana yeye na mwenye shamba. Angeingia shambani kwa kuiba, hadithi ingekuwa nyingine. Omba ruhusa kwa maandishi, mkubaliane mapema jinsi mtakavyogawana, na uulize sheria ya nchi husika inasemaje kuhusu vitu vya kale na madini. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1996 inadai hazina iripotiwe ndani ya siku 14. Kuna nchi ambazo kumiliki tu mashine bila kibali kunaweza kukuingiza matatani. Lijue hilo kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Ukinunua mtumba, jaribu hivi

Mtumba ni njia nzuri, kwa kuwa mashine nyingi huuzwa na watu waliokata tamaa baada ya mwezi mmoja. Nenda na sarafu tatu tofauti, msumari na kishikio cha kopo. Vua saa na pete. Toka nje, mbali na nyaya, simu uiweke mbali.

Ilaze mashine juu ya meza ya mbao, koili ikining'inia nje ya ukingo. Iache iwake dakika moja bila kuigusa. Inatakiwa kutulia. Pitisha sarafu mbele ya koili kwa umbali wa kiganja, kutoka kulia kisha kushoto: namba ziwe zile zile au zikaribiane. Rudi nyuma kidogo kidogo hadi sauti ipotee, upime umbali huo. Ikipotea kabla ya sentimita 15 kwa sarafu ya kawaida huku usikivu ukiwa juu, kuna tatizo.

Sasa shika waya pale unapoingia kwenye koili uutikise taratibu. Ikilia bila metali kuwapo, waya umekatika ndani au koili inakufa. Igonge koili kwa kiganja, kisha fungua kiungio cha waya utazame ndani: ukungu mweupe au wa kijani ni alama kwamba maji yameshaingia. Mwisho iache iwake nusu saa mkiwa mnazungumza, uone betri inashuka kwa kasi gani.

Chukua namba ya usajili ya mashine uiulize kampuni iliyoitengeneza kabla ya kutoa pesa. Mashine za dhahabu za bei ya juu, kama Minelab GPX 5000, zimeigizwa sana, na feki inaweza kufanana kwa nje hadi kwenye vibandiko. Anayekukataza kuihakiki namba hiyo, muage.

Hatua ya 9: Kimbia mashine za antena

Utakutana na kifaa chenye mpini na antena inayozunguka, kinachodaiwa kuonyesha dhahabu au almasi umbali wa mamia ya mita, hata kilomita. Mara nyingine kina kioo, taa, na sanduku zuri la kubebea. Ninaumia kila nikisikia mtu ameuza shamba akanunua kimoja. Ile hesabu ya kipeo cha sita inakitosha: uga unaopotea ndani ya sentimita thelathini hauwezi kurudi kutoka kilomita moja. Antena inazunguka kwa sababu mkono wa mwanadamu hautulii kamwe.

Udanganyifu huu umeshafika mahakamani. ADE 651, iliyouzwa Iraki kama kifaa cha kugundua mabomu, ilikuwa antena juu ya mpini, na ilitokana na kifaa cha kitoto cha kutafutia mipira ya gofu. Muuzaji wake, James McCormick, alifungwa miaka 10 huko Uingereza mwaka 2013.

Jaribio lako liwe rahisi: mwambie muuzaji ageuke, ufiche pete ya dhahabu chini ya bakuli moja la plastiki kati ya kumi, kisha aitafute kwa kifaa chake. Rudia mara kumi. Detekta ya kweli utaipitisha juu ya mabakuli hayo na itaipata kila mara.

Hatua ya 10: Andaa kitalu kabla waranti haijaisha

Ukishainunua, tenga kipande kidogo cha ardhi. Kifagie kwanza kwa mashine uondoe kila metali. Fukia sarafu moja kwa sentimita 10, nyingine 15, nyingine 20, zikiachana hatua mbili. Fukia sarafu nyingine ikiwa na msumari umelazwa kando yake, upana wa vidole vinne. Fukia pete, na kishikio cha kopo. Weka alama za vijiti vya mbao na uchore ramani.

Fagia polepole, koili ikienda sambamba na ardhi bila kuinuka mwisho wa mkono, kila mpigo ukifunika nusu ya uliotangulia. Usitegemee sana ile sarafu ya sentimita 20 siku za kwanza. Udongo ukishatibuliwa unabadilisha mrudio. Lakini ya 10 na ya 15 lazima zilie, na ile ya jirani na msumari ndiyo itakayokuambia kama mashine na koili uliyochagua vinafaa kwa mahali ulipoandika kwenye karatasi. Izunguke kwa pembe mbalimbali. Kuna upande mmoja ambao mlio wa msumari utakatika na ule wa mviringo wa sarafu utatokeza, mfupi tu. Rudia hapo mpaka uutambue ukiwa umefumba macho. Kama baada ya saa kumi za mazoezi bado hausikiki hata kwa koili ndogo, irudishe mashine dukani ukaibadilishe muda wa kuirudisha ungalipo.